Wajapani walitoka wapi: ushahidi upi wa kusimamia, nadharia ipi ya kufundisha

Anayetaka kueleza asili ya Wajapani, awe mwalimu wa historia, mwanafunzi anayeandika tasnifu au msomaji aliyevutwa na habari za mifupa ya kale, anakutana na maelezo mawili yanayovutana. Yale ya zamani yaliwekwa pamoja na mwanaanthropolojia Kazuro Hanihara mwaka 1991. Kwa maoni yake mababu walikuwa makundi mawili: watu wa Jomon, waliowinda, kuvua na kuokota chakula visiwani kwa maelfu ya miaka, na wakulima wa mpunga walioingia kutoka bara katika kipindi cha Yayoi. Yale mapya yalichapishwa Septemba 2021 na watafiti wa Dublin, Kanazawa na kwingineko, nayo yanahesabu makundi matatu. La tatu, wanasema, liliingia katika kipindi cha Kofun, zama za watawala waliozikwa chini ya vilima vikubwa vya udongo. Halafu Oktoba 2024 mifupa ya mtu mmoja tu wa Yayoi, kutoka Doigahama, ikatikisa sehemu ya hesabu hiyo.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Fundisha asili tatu, ila usifundishe mawimbi matatu ya wahamiaji. Kwa nini mambo hayo mawili yatenganishwe, hilo halieleweki mpaka tupime kila aina ya ushahidi inaweza kujibu swali gani na inashindwa wapi.

Mafuvu na meno

Huu ndio ushahidi mkongwe kuliko wote. Mwaka 1877 Mmarekani Edward Morse alichimba lundo la makombe la Omori, Tokyo, akakuta vyungu vilivyopambwa kwa alama za kamba. Kutoka kwenye alama hizo ndipo lilipopatikana jina Jomon. Mwaka 1884 chungu cha aina nyingine kikaokotwa katika mtaa wa Yayoi, Tokyo hiyohiyo. Vyungu vikazipa zama majina, na mifupa ikaanza kupimwa: urefu wa uso, upana wa paji, kina cha pale pua inapoanzia, umbo la meno.

Kazi iliyobadilisha mjadala ni ya Takeo Kanaseki. Kuanzia mwaka 1953 alichimba makaburi ya Doigahama, kwenye mchanga wa pwani ya Yamaguchi, magharibi kabisa ya kisiwa cha Honshu. Pale pametoka mifupa ya watu wapatao 300 wa kipindi cha Yayoi. Walikuwa warefu kuliko watu wa Jomon, na nyuso zao zilikuwa ndefu na bapa, wakati wa Jomon walikuwa na nyuso fupi, pana, zenye pua iliyoinuka. Kanaseki akasema hawa wana damu ya wageni kutoka bara. Hanihara baadaye alijumlisha vipimo vya namna hii kutoka visiwa vyote, akaongeza meno, na ndipo akatoa nadharia yake ya makundi mawili.

Faida ya vipimo vya mafuvu ni kwamba havihitaji kutoboa mfupa, na vinawezekana hata pale vinasaba vimeshaoza vyote. Mtafiti anaweza kulinganisha mamia ya watu. Hasara yake ni kwamba umbo la mwili linafuata pia chakula, kazi ya taya, magonjwa na malezi. Wajapani wa karne ya 20 waliongezeka kimo ndani ya vizazi vichache bila mgeni yeyote kuingia. Fuvu pia haliwezi kukupa uwiano: halisemi mtu huyu ni sehemu ngapi ya huku na ngapi ya kule.

Matokeo yake ndiyo tunayoyaona kwa Hanihara. Alisema watu wa Jomon walitoka Asia ya Kusini-Mashariki na wahamiaji wa Yayoi walitoka Asia ya Kaskazini-Mashariki. Jenomu za mifupa, yaani DNA yote ya mtu iliyosomwa, hazikuunga mkono picha hiyo kama alivyoichora. Lakini alisema pia kwamba Waainu wa kaskazini na watu wa Ryukyu wa kusini wamebaki na sehemu kubwa zaidi ya Jomon, kwa kuwa wahamiaji walitua na kuenea katikati. Hilo limesimama mpaka leo, na kila kipimo kipya kinalirudia. Kwa mtu aliyefanya kazi na kalipa, kifaa cha kupimia mafuvu, na meno, bila hata herufi moja ya DNA, hiyo ni kazi ya kuheshimiwa sana.

Vinasaba vya watu walio hai

Njia ya pili ni kuchukua damu au mate ya watu wa leo. Mwaka 2008 uchambuzi wa Wajapani wapatao 7,000 ulionyesha mafungu mawili yanayoonekana wazi: visiwa vikuu upande mmoja, Ryukyu upande mwingine. Mwaka 2012 Waainu walipoingizwa, ilidhihirika kwamba wao na watu wa Ryukyu wana uhusiano wa karibu baina yao, japo wanakaa ncha mbili za nchi. Mwaka 2024 taasisi ya RIKEN ilitoa uchambuzi wa jenomu nzima za watu 3,256. Sehemu ya Jomon ilikuwa kubwa zaidi Okinawa, katika visiwa vya Ryukyu, asilimia 28.5, na ndogo zaidi magharibi mwa Japani, asilimia 13.4. Watafiti hao nao waliona asili tatu, na wakakuta vipande vya vinasaba vilivyorithiwa kutoka kwa Wadenisova, binadamu wa kale waliotoweka, kimoja kikiwa na uhusiano na kisukari cha aina ya pili.

Hakuna ushahidi ulio safi kama huu. Sampuli ni nyingi, DNA ni nzima, na matokeo yana faida hospitalini. Ukitaka kujua tofauti za mkoa kwa mkoa leo, uchague huu bila kusita.

Ila usiutumie peke yake kusimulia mambo ya miaka 2,000 iliyopita. Mtu wa leo ni mwisho wa mchanganyiko. Tarehe zote zinapatikana kwa hesabu na makisio ya urefu wa kizazi, na koo zilizokwisha bila kuacha wajukuu hazionekani kabisa. Watu nao wamehama. Hokkaido, kisiwa kikuu cha kaskazini, ilijazwa walowezi kutoka Honshu baada ya mwaka 1869, na anayeishi Sapporo leo huenda ukoo wake wote umetoka Tohoku au Hokuriku. Zaidi ya hapo, kiwango kama 28.5 kinahitaji jenomu za mifupa ya Jomon za kulinganishia. Walio hai peke yao hawawezi kutuambia Jomon alikuwaje.

Mitokondria na kromosomu Y

Kwa muda mrefu, kuchunguza DNA ya mifupa kulimaanisha mitokondria tu, vijisehemu vya seli vyenye DNA yake vyenyewe. Seli moja ina mitokondria nyingi, kwa hiyo nakala zake hubaki hata pale DNA ya kiini imeshaharibika, nayo ni fupi, herufi kama 16,500 hivi dhidi ya bilioni tatu za jenomu. Mwaka 1989 Satoshi Horai na wenzake walifaulu kusoma kipande cha mitokondria kutoka kwenye fuvu la Jomon la miaka ipatayo 6,000, kazi ya mwanzo kabisa nchini humo. Toka hapo ikajulikana kwamba makundi mawili ya mitokondria, M7a na N9b, yamejaa kwenye mifupa ya Jomon. La kwanza likitawala zaidi kusini na magharibi, la pili kaskazini na mashariki.

Tatizo ni kwamba mitokondria inafuata mstari mmoja tu, mama wa mama wa mama, na kromosomu Y inafuata baba wa baba wa baba. Ukirudi vizazi kumi una mababu zaidi ya elfu moja, na kila mstari unakuonyesha mmoja. Japani ndiyo inayotoa mfano mzuri wa jinsi hili linavyopotosha. Karibu theluthi moja ya wanaume wa Kijapani wana kromosomu Y ya kundi D, ambayo imepatikana kwenye mifupa ya Jomon. Anayesoma Y peke yake atasema Wajapani ni theluthi Jomon. Jenomu nzima inasema sehemu hiyo kwenye visiwa vikuu ni kati ya asilimia 10 na 20. Makala nyingi za kujivunia "damu ya Jomon" zinajengwa juu ya ile theluthi, na ninaona hilo ni kosa kubwa.

Mistari hii miwili ina kazi yake lakini. Ukiiweka pamoja inasaidia kuuliza kama waliohama walikuwa wanaume au wanawake zaidi, na nani alioa kwa nani. Itumie kama nyongeza.

Jenomu nzima kutoka kwenye mfupa

Hapa ndipo mambo yalipogeuka. Mifupa ya kale ina DNA iliyokatikakatika, vipande vingi vikiwa na herufi chini ya 100, na sehemu kubwa ya kinachosomwa na mashine ni ya bakteria wa udongoni. Mambo matatu yaliwezesha kazi. Kwanza, mashine za kisasa zinasoma mamilioni ya vipande vifupi kwa wakati mmoja. Pili, iligundulika kwamba mfupa mgumu unaozunguka sikio la ndani hutunza DNA kuliko sehemu nyingine nyingi za mifupa. Tatu, uharibifu wenyewe umekuwa ushahidi: kwenye ncha za vipande vya kale herufi C husomeka kama T mara nyingi kuliko kawaida, alama ambayo DNA mpya ya mchimbaji au mtu wa maabara haina. Hivyo mtafiti anaweza kutofautisha marehemu na aliyemshika.

Matokeo ya kwanza ya Jomon yalitoka kwenye lundo la makombe la Sanganji, Fukushima, watu wa miaka kama 3,000 iliyopita. Jenomu haikukamilika, ila ilitosha kuonyesha kwamba watu wa Jomon walijitenga mapema kabla matawi mengi ya Asia ya Mashariki hayajagawanyika. Mwaka 2019 ikaja jenomu bora kabisa, ya mwanamke wa Funadomari, kisiwa cha Rebun, kaskazini ya mbali, aliyeishi kati ya miaka 3,800 na 3,500 iliyopita. Alisomwa kwa ubora unaokaribia wa mtu aliye hai. Alikuwa na nta ya masikio ya majimaji, tofauti na Wajapani wengi wa leo ambao yao ni kavu, na alikuwa na badiliko la kijeni la CPT1A ambalo leo ni la kawaida kwa watu wa Aktiki wanaokula mafuta mengi ya wanyama wa baharini. Kwa mtu aliyeishi kisiwani kwa kuwinda sili, hilo linaleta maana. Kwa kumtumia yeye kama kipimo, sehemu ya Jomon ilikadiriwa kuwa kama theluthi mbili kwa Waainu, zaidi kidogo ya robo kwa watu wa Ryukyu, na kama sehemu ya kumi kwa watu wa visiwa vikuu.

Linganisha hapo: RIKEN walipata 13.4 kwa magharibi, Funadomari ikatoa kama 10 kwa visiwa vikuu. Namba hazifanani kwa sababu watu waliopimwa na hesabu iliyotumika ni tofauti. Mpangilio, Waainu juu, Ryukyu katikati, visiwa vikuu chini, haujabadilika tangu Hanihara. Ukifundisha, shikilia mpangilio. Namba zitaje kama makadirio.

Mwaka 2020 mwanamke mwingine, wa Ikawazu katika mkoa wa Aichi, wa miaka 2,500 hivi iliyopita, alionyesha uhusiano wa mbali na mwindaji wa kale wa Laos wa miaka 8,000. Hili limempa Hanihara pumzi kidogo upande wa kusini, lakini uhusiano huo ni wa kina sana, wa mababu wa mababu, si wa watu waliopanda mitumbwi kutoka Laos kwenda Aichi. Utafiti wa 2021 uliongeza watu tisa wa Jomon, mkongwe wao akiwa wa pango la Kamikuroiwa, Ehime, karibu miaka 9,000. Ulionyesha kwamba ukoo wa Jomon ulijitenga na wa bara kati ya miaka 20,000 na 15,000 iliyopita, na kwamba waliokuwa wakizaana walikuwa wachache mno, kama 1,000, kwa maelfu ya miaka. Bahari ilipopanda barafu ilipoyeyuka, walibaki peke yao.

Kama ushahidi huu ni mzuri hivyo, kasoro iko wapi? Iko ardhini. Udongo wa Japani, uliotokana kwa wingi na majivu ya volkano, una asidi inayoyeyusha mifupa. Mifupa inabaki kwenye malundo ya makombe, ambako chokaa hupoza asidi, kwenye mapango ya mawe ya chokaa, kwenye mchanga wa pwani wenye vipande vya kome, na kwenye vyungu vikubwa vya kuzikia vya kaskazini mwa Kyushu, kisiwa cha kusini-magharibi. Watu wa Jomon walizika kwenye malundo ya makombe, ndiyo maana tunao wengi. Wakulima wa Yayoi wengi waliishi na kuzikana kwenye mabonde ya mpunga, na mabonde yamewala. Kipindi tunachokihitaji zaidi, kile cha mkutano wa wenyeji na wageni, ndicho chenye mifupa michache zaidi.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki amewahi kuliona jambo hili kwake. Utafiti wa 2023 wa watu 80 kutoka Manda, Mtwapa, Faza, Kilwa, Songo Mnara na kwingineko, ulioonyesha asili ya Kiafrika na ya Kiajemi zikichanganyika kuanzia karibu mwaka 1000, ulitegemea sana makaburi ya wenye hadhi mijini. Aliyezikwa shambani hakuulizwa. Swali la nani alizikwa wapi ni lilelile Kilwa na Nagasaki.

Mawili au matatu?

Sasa turudi kwenye uchaguzi wenyewe. Watafiti wa 2021 walikuwa na watu watatu wa Kofun, wa eneo la Iwade, Kanazawa, wa miaka kama 1,400 iliyopita. Asili ya Asia ya Mashariki, ile inayofanana na ya Wachina wa Han, ilikuwa kama asilimia 70 ndani yao, na iliyobaki iligawanyika kati ya Jomon na Asia ya Kaskazini-Mashariki. Walifanana sana na Wajapani wa leo. Kwa upande wa Yayoi walitumia jenomu za watu wawili zilizokuwa zimeshasomwa, kutoka pango la Shimomotoyama, Nagasaki, wa miaka kama 2,000 iliyopita. Hao walikuwa na Jomon zaidi ya nusu, na sehemu yao ya bara ilielekea Kaskazini-Mashariki. Hitimisho likajiandika: mpunga ulikuja na watu wa Kaskazini-Mashariki katika Yayoi, kisha dola ikaja na watu wa Asia ya Mashariki katika Kofun.

Ni hoja safi, na upande wa Kofun nauamini. Historia inauunga mkono. Kwenye orodha ya koo iliyokamilishwa kwa amri ya mfalme mwaka 815, kati ya koo 1,182, zaidi ya robo zilihesabiwa kuwa na asili ya Korea na China. Wafinyanzi, wafuma hariri, waandishi na wahunzi waliendelea kuvuka bahari katika Kofun. Hakuna anayelikataa hilo.

Mguu dhaifu ni Yayoi. Watu wawili, pango moja. Tena pango la kaskazini-magharibi mwa Kyushu, eneo ambalo wapima mafuvu walishalitenga zamani kwa kuwa watu wake wa Yayoi walibaki na sura ya Jomon. Kusimamisha juu yao kipindi kilichodumu zaidi ya miaka 1,000, kama tukifuata vipimo vya kaboni-14 vya 2003 vilivyorudisha mwanzo wa Yayoi hadi karne ya 10 kabla ya Kristo, ni kuwatwisha mzigo usio wao.

Ndipo Doigahama iliporudi. Mtu wa makaburi yale ya mchangani, wa miaka ipatayo 2,300 iliyopita, alisomwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Tokyo na Chuo Kikuu cha Toho. Alikutwa na asili zote tatu: Jomon, Asia ya Mashariki na Asia ya Kaskazini-Mashariki. Ukiwatoa Wajapani, kati ya watu wa leo waliokaribiana naye zaidi ni Wakorea. Alizikwa mamia ya miaka kabla ya kilima cha kwanza cha Kofun. Kwa hiyo asili ya tatu ilikuwa imeshafika Yamaguchi kabla ya zama ambazo ilisemekana ndiyo imefika.

Watafiti wake wanapendekeza maelezo mepesi: wahamiaji wa bara walikuwa wameshachanganyika kwenye rasi ya Korea, wakaja wakiwa na asili mbili ndani ya mwili mmoja. Mifupa ya Korea yenyewe haipingi. Jenomu za Gimhae, kusini mwa rasi, za karne ya nne na ya tano, zilizochapishwa mwaka 2022, zina mchanganyiko wa namna hiyo, hata na chembe za asili inayofanana na Jomon. Mlango-bahari ulivukwa pande zote mbili.

Ukiletewa kikombe cha chai ya maziwa yenye tangawizi, ulimi utakuambia vilivyomo, ila hautakuambia kama tangawizi ilichemshwa jikoni pamoja na maziwa au ilitiwa baadaye mezani. Jenomu ya Mjapani wa leo, na hata ya mtu wa Kofun, ni kikombe hicho. Asili tatu zimo. Hilo limeonekana kwenye mifupa na kwa walio hai, kwa maabara tofauti na hesabu tofauti. Zilivyoingia, kwa safari moja ndefu kupitia Korea, kwa mbili, au kwa mkondo usiokatika wa miaka 1,500, linaamuliwa na mifupa ya Yayoi pekee, na hiyo iliyosomwa vizuri bado inahesabika kwa vidole.

Kwa hiyo kati ya Hanihara na wa 2021, nani achaguliwe? Hanihara alikosea walikotoka watu, akapatia jinsi walivyosambaa. Wa 2021 walipatia viungo, wakaharakisha kalenda. Wa 2024 wamerekebisha kalenda kwa mtu mmoja, na mtu mmoja naye si kipindi kizima. Ramani ya darasani ninayoipendekeza ina mshale mmoja mnene kutoka bara kupitia rasi ya Korea hadi Kyushu na Yamaguchi, ulioandikwa "kuanzia Yayoi hadi Kofun", ukiwa na rangi mbili ndani yake. Mishale miwili iliyotenganishwa na tarehe iache kwanza.

Vitu viwili vya kutofungamanisha

Cha kwanza ni lugha. Mwaka 2021 hiyohiyo ulitoka utafiti mwingine mkubwa uliounganisha vinasaba, kilimo cha mtama na familia moja ya lugha kutoka Kituruki hadi Kijapani. Wanaisimu wengi hawaikubali familia hiyo. Mifupa haisemi marehemu alizungumza nini, kwa hiyo sura ya lugha iandike kwa ushahidi wa lugha.

Cha pili ni kuwaita Waainu "Jomon walio hai". Theluthi mbili ya Jomon ni nyingi, lakini Waainu wamerithi pia kutoka kwa watu wa utamaduni wa Okhotsk, wavuvi waliotoka upande wa Sakhalin, kisiwa kilicho kaskazini mwa Hokkaido, na mwanamke aliyezikwa Hamanaka, Rebun, aliyesomwa mwaka 2021, ameonyesha watu hao walikuwa nani. Utamaduni wa Kiainu uliundwa katika zama za kati. Ni watu wenye historia yao kamili, wanaotambuliwa kisheria kuwa wazawa wa nchi tangu 2019, na si makumbusho ya miaka 3,000.

Mifupa ilivyopatikana

Kipimo hiki wengi hukiruka wanapochagua ushahidi, na mimi nakiweka sawa na ubora wa maabara. Katika miaka ya 1888 na 1889 mwanaanatomia Yoshikiyo Koganei alizunguka Hokkaido akikusanya mafuvu ya Waainu makaburini. Vyuo vikuu vilifuata mkondo huo hadi karne ya 20, na mabaki ya zaidi ya watu 1,000 yakaishia kwenye makabati. Mwaka 2016, baada ya maridhiano mahakamani, mabaki ya watu 12 yalirudishwa Urakawa na kuzikwa upya. Mwaka 2020 jumba la taifa la Waainu, Upopoy, lilifunguliwa Shiraoi, likiwa na mahali pa kuhifadhi mabaki mengine. Kanaseki huyuhuyu wa Doigahama, mwaka 1929, alichukua mifupa kwenye makaburi ya Momojana, Nakijin, Okinawa, ikapelekwa Kyoto. Waliojitambulisha kuwa wazao wa waliozikwa pale walifungua kesi mwaka 2018. Wakashindwa mwaka 2022 na kwenye rufaa mwaka 2023.

Mfupa wa Doigahama wa miaka 2,300 hauna mjukuu anayejulikana wa kuombwa ruhusa. Fuvu la Hokkaido la karne ya 19 linaye. Ukiwa na tafiti mbili zinazojibu swali lako kwa uzito unaofanana, chukua ile inayoeleza nani aliruhusu mfupa utobolewe. Na habari ya mfupa mpya ikitoka, kabla ya kubadilisha somo lako angalia mambo matatu: ni wa kipindi gani, ni wa kusini au kaskazini mwa Kyushu au nje yake, na umekutwa kwenye makombe, pango, mchanga au chungu. Yayoi kutoka mabonde ya mpunga ya Fukuoka au uwanda wa Osaka ndiyo inayoweza kunibadilisha msimamo kuhusu ule mshale mmoja. Jomon wa kumi au wa ishirini, hata akiwa mzuri namna gani, hawezi.